Saratani ya Titi Ikirudi Kichwani au Mgongoni

Mimi ni muuguzi wa jamii. Siku nyingine utanikuta kituoni, siku nyingine utanikuta kwenye boma lako nikiwa na mkoba na mashine ya kupimia presha.

Katika kipindi kilichopita tulizungumza juu ya kujikagua titi na dalili za mwanzo za saratani. Leo nataka kuzungumza na mama ambaye huwa hatumzungumzii. Ni wewe uliyewahi kutibiwa saratani ya titi zamani, ukapona, ukarudi kwenye majani chai, ukalea watoto na ukaacha kuifikiria. Nazungumza pia na binti yako, mkaza mwanao, dada yako, na yeyote anayeishi nawe nyumba moja, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye atakayeona mambo kabla yako.

Swali ni hili. Je, saratani ya titi iliyotibiwa miaka kumi au kumi na mitano iliyopita inaweza kurudi? Inaweza. Hairudi kwa kila mtu, na wengi waliotibiwa mapema haiwarudii kamwe. Lakini inaweza kurudi, na inaporudi baada ya muda mrefu, mara nyingi hairudi pale kwenye titi. Inaweza kutokea kwenye mfupa, kwenye mapafu, kwenye ini, na mara nyingine kwenye ubongo au uti wa mgongo. Hapo ndipo tunapopotezana. Mama anaumwa kichwa au mgongo, na hakuna anayekumbuka titi lililotolewa wakati mtoto wake wa mwisho alikuwa bado ananyonya.

Inawezekanaje kitu kilichokatwa na kutupwa kurudi? Wewe mkulima unaijua nyasi ya sangari. Unalima, unaokota mizizi, unaichoma, na shamba linakuwa safi. Kipande kidogo tu kikibaki ndani ya udongo, kinaweza kunyamaza kiangazi kizima. Mvua ikinyesha kinachipuka, tena labda si pale ulipoing'oa, bali hatua kumi mbele. Saratani nayo, kabla ya upasuaji, inaweza kuwa imeshatoa chembechembe chache ambazo zimesafiri kwa njia ya damu. Dawa huua nyingi. Chache zinaweza kujificha, kwa mfano ndani ya mifupa, zikalala bila kukua. Hakuna kipimo cha kawaida kinachoziona zikiwa zimelala. Hakuna aliyekurogea hizo chembechembe, na daktari aliyekutoa titi hakufanya kazi mbovu.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya wanawake 62,923 waliokuwa na saratani ya titi ya aina inayolishwa na homoni. Wote walikuwa wamemeza dawa ya kuzuia homoni kwa miaka 5, na walipomaliza hawakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa. Wakawafuatilia. Kwa wale ambao uvimbe wao ulikuwa mdogo na haukuwa umefika kwenye tezi za kwapani, hatari ya saratani kutokea mahali pengine mwilini kati ya mwaka wa 5 na mwaka wa 20 ilikuwa watu 13 kwa kila 100. Kwa wale ambao uvimbe wao ulikuwa mkubwa zaidi na tezi 4 hadi 9 zilikuwa zimeingiliwa, ilikuwa watu 41 kwa kila 100. Tazama hesabu hiyo pande zote mbili. Hata katika kundi lile lenye hatari kubwa, zaidi ya nusu haikuwarudia. Lakini miaka 20 ni muda mrefu, na hakuna siku inayofika ambapo mtu anaweza kukuambia kwamba jambo hili sasa halikuhusu tena.

Saratani za titi si zote za aina moja, na aina yako imeandikwa kwenye karatasi ya majibu ya ile nyama iliyopimwa. Utaona herufi ER, PR na HER2. Ukiona ER au PR zimeandikwa chanya, saratani yako ilikuwa ya homoni. Hiyo ndiyo yenye subira, inayoweza kurudi baada ya miaka mingi, na mahali inapopenda zaidi ni kwenye mifupa, ikiwemo ile ya mgongo. Zikiwa hasi zote tatu, aina hiyo ina haraka. Ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 3 hadi 5 ya kwanza. Aina hii ya hasi tatu, pamoja na ile yenye HER2 chanya, ndizo zinazoelekea ubongoni zaidi ya nyingine. Kama hujui herufi zako, usione haya. Wengi hawakuambiwa, au waliambiwa siku ambayo masikio yalikuwa yamezibwa na hofu. Nenda na karatasi hiyo kwenye kituo chochote cha afya uombe usomewe.

Sasa tuje kwenye dalili. Nitaanza na mgongo, kwa sababu hapa kwetu mgongo ndio unaotudanganya zaidi.

Nani kati yetu anayechuma chai hajawahi kuumwa mgongo? Unasimama tangu asubuhi, umebeba kikapu au mfuko, unainama, unapanda mlima na kuushuka, na malipo ni kwa kilo. Siku usiyochuma ni siku isiyo na kilo. Kwa hiyo maumivu ya mgongo tunayaita ya chai, tunanunua brufeni, na siku tukiwa na pesa kidogo tunachomwa sindano ya maumivu. Kwa walio wengi hiyo ni kweli, ni ya chai.

Maumivu ya saratani kwenye mfupa wa mgongo yana tabia yake. Ya chai hupungua ukilala na ukipumzika Jumapili. Haya yanaweza kuzidi usiku, wakati umelala. Yanaongezeka wiki baada ya wiki. Yanazidi ukikohoa au ukijikamua chooni. Mara nyingine yanazunguka kifua au tumbo kama mshipi uliokazwa. Ndani ya uti wa mgongo, kutoka shingoni kwenda chini, inapita kamba ya neva inayopeleka nguvu kwenye miguu, kwenye kibofu na kwenye choo. Saratani ikikua kwenye mfupa inaweza kuibana kamba hiyo. Ikianza kubanwa, miguu inalegea, au inakufa ganzi, au unahisi kama unakanyaga pamba. Mkojo unakataa kutoka, au unatoka bila wewe kujua. Ganzi inaweza kuingia sehemu zile unazokalia.

Ukifika hapo, mama, usingoje siku ya soko wala siku ya malipo. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, kama vile mama mjamzito anayevuja damu. Anayefika hospitalini akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea baada ya matibabu. Aliyekaa siku mbili tatu bila kuinua mguu, mara nyingi nguvu hazirudi, hata saratani yenyewe ikitibiwa.

Niliwahi kumwona mama mmoja wa miaka hamsini na kitu. Familia yake imeniruhusu nisimulie bila kutaja jina wala kijiji. Alikuwa ameumwa mgongo miezi mitatu. Alikuwa amenunua dawa kwenye kemisti mara nyingi kiasi kwamba muuzaji alikuwa hamwulizi tena anataka nini. Siku hiyo aliletwa kwa bodaboda, mkaza mwanawe amemshika kwa nyuma, kwa sababu asubuhi aliamka akajikwaa kwenye kizingiti na miguu ikakataa kumwinua. Aliniambia, “Daktari, miguu imekuwa ya mtu mwingine.” Huku kwetu wauguzi nao huitwa daktari, tumezoea. Nikamwuliza kama aliwahi kuugua ugonjwa wowote mkubwa. Akasema hapana. Nilipomwomba avue sweta ili nimpime kifua, nikaona kovu upande wa kushoto, na kitambaa kilichokunjwa vizuri ndani ya sidiria. Titi lilikuwa limetolewa miaka kumi na mmoja iliyopita. Mkaza mwanawe, ambaye walikuwa wameishi boma moja miaka sita, aliangalia ukutani. Hakuwa anajua. Na mama akasema, kwa upole kabisa, “Lakini, daktari, hilo liliisha zamani.”

Hakuwa anadanganya. Kwa akili yake mgongo na titi vilikuwa vitu viwili. Alipewa rufaa siku hiyo, akaanzishiwa dawa, akapigwa picha, akapelekwa kwenye miale. Alitembea tena, kwa fimbo. Aliishi karibu miaka miwili zaidi, na alikuwepo siku mjukuu wake alipovaa sare ya shule kwa mara ya kwanza.

Sasa kichwa. Kichwa kinauma kwa sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo hazina uhusiano na saratani. Presha, macho, meno, mafua, kukosa usingizi, kukosa kula, mawazo ya karo. Malaria nayo ipo, na nyanda zetu hizi za juu zimewahi kupigwa na milipuko yake, kwa hiyo wengi wetu kichwa kikiuma tunawazia malaria kwanza. Ni sawa kuiwazia, ila ipimwe. Damu ikionyesha hakuna malaria, usimeze dawa za malaria kwa mazoea. Na ukimeza mara ya pili na ya tatu na kichwa bado kiko palepale, basi hiyo si malaria.

Kichwa cha kukutia wasiwasi ni kile ambacho ni kipya kwako, ambacho hakikomi, na kinachozidi siku baada ya siku. Mara nyingi ni kibaya zaidi alfajiri, unapoamka au ukiwa umelala chali, na kinaweza kuja na kutapika bila hata tumbo kuuma. Angalia pia macho kuona kitu kimoja kama viwili, mdomo kupinda upande, mkono mmoja kuangusha kikombe, kuyumba mtu akitembea kama aliyelewa, maneno kupotea katikati ya sentensi. Na kifafa. Mtu mzima ambaye hajawahi kuanguka kifafa maishani, akianguka kwa mara ya kwanza, lazima afike hospitalini siku hiyohiyo, hata kama ameamka na anasema yuko sawa.

Nikae kidogo kwenye kifafa, maana wengi hukiogopa na kumkimbia mgonjwa. Povu la mdomoni haliambukizi, wala mate. Mlaze kwa ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, ondoa jiko na kuni karibu naye, legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole, wala maji. Usimshike kwa nguvu kumzuia. Tazama saa. Ikipita dakika 5 bila kukoma, au kikikoma kikaanza tena kabla hajazinduka, tafuta gari mara moja.

Kwa mama aliyewahi kutibiwa saratani ya titi, maumivu mapya ya kichwa au mgongo yanayopita wiki mbili yanatosha kumpeleka kituoni, hata kama ni madogo. Zile dalili kubwa nilizotaja, yaani miguu kulegea, mkojo kukataa, kifafa, upande mmoja kupooza, hazingoji wiki mbili. Ni leo.

Na ukifika kituoni, kabla hujasema kichwa kinauma, sema hivi: “Nilitibiwa saratani ya titi mwaka fulani.” Taja mwaka. Taja upande. Sema kama ulipewa dawa za kemo, miale, au vidonge. Sentensi hiyo moja inabadilisha mawazo ya anayekuhudumia kuliko maelezo ya nusu saa. Siku hiyo kituoni kuna foleni ya watoto wenye homa na kina mama wajawazito, na anayekuona ana dakika chache. Bila sentensi hiyo, wewe ni mchuma chai mwenye mgongo. Ukiisema, wewe ni mtu anayehitaji picha.

Najua kwa nini hatuisemi. Titi ni jambo la siri, na mama kukosa titi limefanywa kuwa aibu. Kuna waliofichwa na waume zao. Kuna walioficha wakati wa mahari ya mabinti zao, wasije wakaambiwa ukoo una ugonjwa. Lakini nadhani nyakati zimeanza kubadilika. Julai 2019, ndani ya mwezi mmoja, nchi hii ilimpoteza Bob Collymore wa Safaricom, mbunge wa Kibra Ken Okoth, na sisi watu wa Bomet tukampoteza gavana wetu, Dkt. Joyce Laboso, aliyefariki tarehe 29. Wote watatu kwa saratani, na ikatajwa kwa jina lake, redioni, kanisani na bungeni. Ugonjwa ulioweza kutajwa kwenye kifo cha gavana unaweza kutajwa kwenye chumba cha muuguzi mlango ukiwa umefungwa. Na saratani ya titi si ya watu wachache. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yanaonyesha ndiyo inayoongoza kati ya saratani zote hapa Kenya, zaidi ya wagonjwa wapya 7,000 kwa mwaka, ingawa masikio yetu huku Bomet yamezoea zaidi kusikia ile ya koo la chakula.

Sisemi utangaze kwenye kituo cha kuuzia majani chai. Nasema waambie watu wawili wanaoishi karibu nawe. Siku utakayoanguka kifafa hutaweza kujisemea, na atakayekupeleka ndiye atakayeulizwa.

Halafu karatasi. Karatasi ya majibu ya nyama, karatasi ya kutoka hospitalini, kadi ya kliniki, zote zitie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha shamba na vyeti vya watoto. Mwombe mtoto azipige picha kwa simu. Faili za zamani hospitalini zinaweza kupotea au kuchukua siku nyingi kupatikana. Yako ya nyumbani haipotei ukiitunza.

Wewe uliye bado kwenye vidonge vya homoni, kama tamoksifeni, tafadhali usiviache kwa sababu unajisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiyo kazi yake. Kawaida humezwa miaka 5, na wengine huambiwa waendelee hadi 10. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa yaliyoonyesha kwamba kwa saratani za homoni, waliomeza miaka 10 walirudiwa wachache kuliko waliosimama kwenye 5. Joto la ghafla mwilini linasumbua, najua, lakini zungumza na daktari kwanza kabla ya kuacha. Na kama umeshakoma hedhi kisha ukatokwa na damu ukiwa kwenye dawa hiyo, nenda ukaonwe.

Sasa tuseme imepatikana kwamba saratani imerudi na iko ubongoni au mgongoni. Kwanza jua kwamba hiyo si saratani mpya ya ubongo. Ni ileile ya titi imehamia chumba kingine, na inatibiwa kwa kufuata aina yake. Pengine daktari atataka kupima nyama tena, kwa sababu zile herufi nilizotaja huweza kubadilika. Mara nyingi huanza na deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe unaobana. Inaweza kuleta nafuu ndani ya siku moja mbili, na hapo ndipo wengine hudhani wamepona wakarudi nyumbani. Usirudi. Dawa hiyo inafungua njia tu, kazi yenyewe hufanywa na miale, na kwa wengine upasuaji, kisha dawa. Si dawa zote zinazoweza kupenya kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, kwa sababu ubongo una kinga yake, kwa hiyo usishangae ukibadilishiwa.

Wengi wetu tunaanzia Tenwek kule Bomet, au Longisa, au hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Kericho. Kwa miale, utatumwa Nakuru, au Eldoret kwenye hospitali ya rufaa ya Moi, au Nairobi kwenye hospitali ya Kenyatta au ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Nakuru ni kama kilomita 100 na zaidi kidogo kutoka Kericho mjini, lakini kwa mtu anayeumwa mgongo ndani ya matatu ni safari. Omba barua ya rufaa iandikwe neno dharura kama ni mgongo unaobana, na omba mtu wa kituo apige simu kabla hujaondoka.

Gharama ni mzigo, siwezi kukudanganya. NHIF ilibadilishwa na SHA tangu Oktoba 2024, na anayetibiwa saratani anahitaji awe amesajiliwa na michango yake imelipwa. Unaweza kujisajili kwa simu kwa kubonyeza *147#, au mhudumu wa afya wa kijiji chako akusaidie. Uliza ofisi ya hospitali kiasi kinacholipiwa saratani kwa mwaka huo, kwa maana viwango hubadilishwa. Jambo la kufanya ni kusajili mapema, wakati huumwi, si ukiwa kwenye machela.

Lazima niseme pia ukweli ambao si mtamu. Saratani ikishafika ubongoni, mara nyingi haiondoki kabisa. Matibabu huirudisha nyuma, humpa mtu miezi, na kwa wengine miaka, na humpa siku zenye kichwa kisichouma na miguu inayotembea. Siku hizo zina thamani. Anayekuambia ana mizizi inayoyeyusha uvimbe wa ubongo anataka ng'ombe wako. Maombi hayana ugomvi na miale. Omba, halafu panda gari.

Unayemwuguza nyumbani, sikiliza haya machache. Deksamethasoni mpe asubuhi baada ya chakula, na usiikatishe ghafla hata kama anaonekana mzima, inapunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo. Inaweza kupandisha sukari na kuleta utandu mweupe mdomoni, kwa hiyo ukiona anakunywa maji sana na kukojoa sana, mpeleke akapimwe. Asiyeweza kujigeuza kitandani, mgeuze kila baada ya saa mbili hivi, umkague makalio na visigino. Maumivu yakiwa makali, ipo mofini ya maji ya kunywa. Watu husema ni dawa ya kufia. Si kweli. Ni dawa ya kukaa bila maumivu, na mtu hupewa hata akiwa bado anakwenda shambani. Humfunga mtu choo, basi omba na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Tenwek wana watu wa huduma hiyo ya kutuliza maumivu, na hospitali nyingine kubwa pia, ulizia. Na wewe mwenyewe ulale. Zungusheni zamu na dada zako, hata kama mmoja anatoka Sotik na mwingine Litein.

Nimalize na maswali matatu yaliyotumwa kwa ujumbe wa simu.

Mama wa kwanza anauliza: titi langu lilitolewa miaka 7 iliyopita, je, nipigwe picha ya kichwa kila mwaka? Hapana. Kama huna dalili, picha hizo hazijaonyesha faida kwa wengi, na pesa zitaisha. Unachohitaji ni kuonwa na daktari mara moja kwa mwaka, akukague kovu, kwapa na titi lililobaki, na upate mamogramu ya titi hilo. Picha ya kichwa ni ya mwenye dalili.

Wa pili anauliza kama anaweza kumwambukiza mtoto wa binti yake kwa kulala naye kitanda kimoja. Haiambukizi. Lala na mjukuu wako.

Wa tatu ni kijana wa kike aliyeolewa Bureti. Anasema mama mkwe wake amebadilika tangu mwezi uliopita. Alikuwa mtulivu, sasa anatukana wageni, anatia chumvi kwenye chai mara mbili, juzi alipotea njia ya kutoka kisimani. Watu wanasema amerogwa na mke mwenza. Anauliza afanye nini, na mwisho kabisa wa ujumbe ameandika kwamba alisikia zamani mama huyo aliwahi kufanyiwa upasuaji wa kifua Kisumu.

Binti yangu, mpeleke kesho asubuhi. Tabia kubadilika ghafla kwa mtu mzima inaweza kuwa sukari, maambukizi, dawa alizomeza, au jambo ndani ya ubongo, na yote hayo yanapimwa. Usibishane na wazee juu ya uchawi, utapoteza wiki. Waambie tu unampeleka kupima presha. Njiani mwulize kwa heshima huo upasuaji ulikuwa wa nini na mwaka gani, na akikataa kukujibu wewe, mwombe dada yake mkubwa amwulize. Ukifika chumbani kwa daktari, hilo ndilo la kwanza kusema.

Kipindi kijacho tutazungumzia kikohozi cha watoto msimu huu wa baridi. Kwaherini.